Volti Sita Kabla ya Mzigo

Ukoo wetu hukutana kila Disemba, kama koo nyingi za Kibosho. Watu wanapanda kutoka Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na hata Nairobi, nyumba zilizofungwa mwaka mzima zinafunguliwa madirisha, na siku mbili tatu baada ya Krismasi, mbege ikiwa bado ipo, tunakaa kikao. Miaka miwili iliyopita binamu yangu mmoja alisimama katika kikao hicho akaahidi shilingi 150,000 kila mwezi kwa ajili ya dawa za bibi. Alikuwa na miezi minne tu kazini. Katibu akaandika kwenye daftari, watu wakapiga makofi. Januari zilikuja zote, Februari zote, Machi zote. Aprili zikaja 100,000, Juni 60,000, na kuanzia Agosti zikawa zinakuja salamu.

Disemba iliyofuata shangazi alisema mbele ya watu wote, na binamu akiwa amekaa palepale: "Huyu alitudanganya." Baba mdogo akamtetea kwamba maisha yamepanda. Mabishano yakaenda upande wa bei ya unga na nauli, na swali lenyewe likapotea. Mimi bado ninalo. Mtu akisema namba iliyo ya kweli siku anayoisema, kisha namba hiyo ikashuka baada ya watu kumwegemea, amesema uongo?

Nitalijibu kwa kuzunguka kidogo, kupitia kitu nilichokisoma chuoni nikichukua elektroniki.

Chukua betri ya volti 12. Unganisha rizista mbili mfululizo, kila moja ya omu 10,000, kutoka chanya hadi hasi. Kwa kuwa zinalingana zinagawana volteji nusu kwa nusu, na mahali zinapokutana utapima volti 6. Hicho ndicho kigawanya volteji, na ni moja ya saketi za mwanzo kabisa ambazo mwanafunzi anazijenga akaona hesabu ya daftarini na kilichoko mezani vinakubaliana. Alitaka volti 6, amepata volti 6. Sasa anachukua kifaa anachotaka kukiwasha, tuseme nacho kina ukinzani wa omu 10,000, anakiunganisha pale katikati. Volti zinashuka mpaka 4. Hakuna kilichoungua, hakuna waya uliolegea. Kifaa kimekaa sambamba na rizista ya chini, na viwili hivyo kwa pamoja ni omu 5,000. Mgawanyo si nusu kwa nusu tena, ni 10,000 kwa 5,000, na theluthi ya 12 ni 4.

Kinachotokea hapo kinaitwa athari ya mzigo. Mzigo ni kitu chochote unachokiunganisha ili kivute umeme: taa, spika, chaja ya simu. Kwa Kiswahili neno hilo hilo ni la majani ya ng'ombe kichwani na begi la abiria kwenye buti la basi, na hata la mgonjwa ambaye familia imeanza kuchoka naye ingawa hakuna anayethubutu kulitamka.

Mwaka 1883 mhandisi wa telegrafu wa Ufaransa, Léon Charles Thévenin, alichapisha hoja ambayo hadi leo inafundishwa kwa jina lake, ingawa Mjerumani Hermann von Helmholtz alikuwa ameifikia mwaka 1853. Hoja yenyewe ni kwamba mkusanyiko wowote wa betri na rizista, hata uwe na vurugu kiasi gani, ukiutazama kutoka kwenye nyaya mbili unafanana na betri moja tu yenye rizista moja iliyojificha nyuma yake. Kigawanya chetu kwa hiyo ni betri ya volti 6 iliyokaa nyuma ya omu 5,000. Kina namba mbili. Ile ya kwanza unaipata kwa kupima kikiwa hakijabeba kitu. Ya pili, ukinzani wa ndani, unaweza kukesha ukikitazama kikiwa kimetulia na usiione. Inajitokeza pale tu unapovuta.

Turudi kwa binamu. Ile 150,000 hakuitoa hewani. Alikaa akapiga hesabu ya mshahara, akatoa nauli na chakula, akaona zinabaki. Alikuwa analala kwa rafiki yake Mbagala, hajalipa kodi hata siku moja. Baadaye alipata chumba chake, na mwenye nyumba akataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Mdogo wake akamaliza kidato cha nne. Rafiki aliyemhifadhi akaoa, na huwezi kukosa kwenye mchango wa harusi ya mtu aliyekupa godoro. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichokuwepo siku ya kikao. Namba yake ilikuwa volti 6 halali, imepimwa bila mzigo.

Kwa hiyo upande mmoja wangu unasema: hakudanganya. Lakini shangazi si mjinga, na nimejaribu kusikia alichokuwa anakisema. Fundi akijenga kigawanya kile cha omu 10,000 kwa 10,000, akakubandikia karatasi imeandikwa "volti 6", akakuuzia ukawashie redio, utarudi kwake ukiwa na hasira, na hatajitetea kwa kukuonyesha kwamba bila redio zinasoma 6 kweli. Nani ananunua umeme wa kutoutumia? Ahadi inatolewa ili iegemewe. Anayetaja namba ambayo ni ya kweli mpaka mtu aiguse ametaja kitu, sawa, ila hakuahidi.

Na binamu alikuwa na njia ya kujua. Mtoto wa Kibosho anakua akiona linalowapata walioajiriwa. Anaiona simu ya baba yake ikilia tarehe 30, anamwona kaka mkubwa akiwasili Disemba na gari, na Januari akiondoka kwa basi la alfajiri asiage watu wengi. Ukinzani wa ndani wa mwajiriwa si siri ya kitaalamu kwetu.

Lakini basi hata waliopiga makofi walijua, tena kumshinda yeye. Daftari la katibu lina safu ya jina na safu ya kiasi. Halina safu ya kuuliza ukivutwa utashuka mpaka ngapi.

Disemba yenyewe inaonyesha jambo hili kwa macho, ukikaa nyumba ya mwisho ya laini ya umeme mlimani. Mwaka mzima taa inawaka vizuri. Wiki ya Krismasi, ikifika saa moja usiku, inakuwa nyekundu kama kaa la moto, na friji linanguruma bila kuganda kitu. Watu wanasema umeme mdogo, kana kwamba umetumwa mdogo kutoka huko unakotoka. Mara nyingi kinachotokea ni kigawanya volteji kilekile, kikubwa zaidi. Waya kutoka transfoma mpaka kwako ni rizista ya juu, na vyombo vya nyumbani ni rizista ya chini. Tuseme waya wote, kwenda na kurudi, una omu 2, na kwenye transfoma kuna volti 230. Birika la umeme la wati 2,000 lina ukinzani wa omu kama 26 hivi. Ukiliwasha peke yako unapata volti kama 214, na huoni tofauti yoyote. Jirani wa mwisho wa laini naye akiwasha la kwake, nyote wawili mnakuwa kwenye 200. Yeye hakukusudia kukupunguzia, na birika lake ni moja tu. Wa tatu naye atakuwa na moja tu.

Ndivyo nyumba nzima inavyoweza kumwangusha mtu bila hata mmoja kufanya kosa. Nilipomuuliza binamu ni nani hasa aliyemmaliza mwaka ule, hakuwa na jina la kunipa. Elfu ishirini ya huyu, elfu kumi ya yule, "nisaidie tu nauli". Waswahili wana methali yao, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ninavyoielewa mimi haimkemei mtu mwenye roho mbaya. Inamsema mtu wa kawaida ambaye kila akiutazama mzigo anaoongeza anaona ni mwepesi, na kweli ni mwepesi, ukipimwa peke yake.

Kibosho ilikuwa na tatizo hili kabla ya waya wowote kufika. Wachagga walichimba mifongo, ile mifereji inayochepusha maji kwenye banio juu mtoni na kuyatembeza ubavuni mwa mlima, kilomita baada ya kilomita, mpaka kwenye migomba ya vihamba. Mto unaoshuka kutoka msituni ni mmoja, vihamba ni vingi, na kila banio linaloongezwa juu linasikika chini. Linasikika mbali kuliko tunavyofikiri. Maji ya Karanga na Weruweru yanaishia mto Kikuletwa, Kikuletwa unaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo mto Pangani unashuka kuzungusha mitambo: megawati 8 palepale bwawani, 21 pale Hale tangu 1964, na 68 kwenye kituo kipya cha Pangani kilichoanza kazi 1995. Anayefungulia mfongo Kibosho mwezi wa kiangazi anaugusa, kwa kidole kimoja, mtambo ulioko karibu na bahari. Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, iliyoanzishwa 1991, ina kazi ya kutoa vibali vya kutumia maji hayo, na mivutano kati ya wakulima wa juu na wazalishaji umeme wa chini imeandikwa sana.

Linalonivutia ni namna ahadi ya maji ilivyotamkwa. Kibali cha kisasa kinataja namba: lita kadhaa kwa sekunde. Mfongo wa wazee ulitaja zamu. Zamu yako ni Jumanne, kuanzia alfajiri hadi saa sita, na maji yako ni yale yatakayokuwemo mfereji ukiwa kwako. Mvua ikiwa nyingi unapata mengi, kiangazi kikikaza unapata kijito cha kulowesha mashina mawili matatu. Hakuna aliyekwenda kwa mzee wa mfongo kumwambia amedanganywa, kwa sababu kupungua kulikuwa ndani ya ahadi tangu mwanzo. Na kwa kuwa wanaovuta walipeana zamu, hawakuurukia mto wote kwa pamoja. (Sisemi mfongo ulikuwa wa haki tupu. Waliozaliwa kwenye ukoo wa waliochimba walitangulia, na wapo waliofungulia usiku kwa kuiba.)

Binamu angeweza kuahidi hivyo. Angesema: kila mwezi, kabla sijatoa kwa mtu mwingine, bibi ana fungu moja katika kumi ya kilichoingia. Ingekuwa namba ndogo, na makofi nadhani yangekuwa machache. Lakini ingekuwa ahadi yenye namba zote mbili ndani yake, na shangazi asingekuwa na neno la kumtupia. Nikilazimishwa kuhukumu, basi hukumu yangu ni hiyo. Hakusema uongo, ila alitaja nusu ya ukweli wake, ile nusu inayopendeza kusomwa kikaoni, na sisi tukaipokea kwa sababu ilitupendeza.

Kuna upande wa pili wa athari ya mzigo ambao unanisumbua zaidi, nao unamhusu bibi mwenyewe.

Voltimita nayo ni mzigo. Ili ipime lazima ivute kidogo, na kile kidogo kinabadilisha inachokipima. Mita za mshale za zamani, zile nzuri, zilikuwa na omu 20,000 kwa kila volti, kwa hiyo kwenye kipimo cha volti 10 mita nzima ni omu 200,000. Kwenye kigawanya chetu itasoma 5.85 badala ya 6, na hakuna atakayelalamika. Lakini jenga kigawanya hicho hicho kwa rizista za omu milioni moja moja. Hesabu bado inasema volti 6. Gusisha mita ileile: inasoma 1.7. Na haikosei! Wakati huo, pale katikati, kweli kuna volti 1.7. Ondoa nyaya, volti 6 zinarudi, na hukuziona na hutaziona kwa mita hiyo. Tatizo haliko kwenye macho ya mpimaji. Anachokipima ni dhaifu mno kuweza kubeba kupimwa.

Tangu bibi aanze kuugua, watu wanakuja kumjulia hali. Ni jambo jema na sitaki kulisema vibaya. Lakini nimekaa naye likizo mbili na nimeona linavyokwenda. Wageni wakipiga hodi anaomba ashikwe akae kitini. Anabadilishwa khanga. Anauliza kama wamepewa chai, anauliza watoto wa fulani wanasoma wapi, anacheka. Wageni wakiondoka anarudi kitandani na hali chakula cha jioni, na kesho yake analala mchana kutwa. Usiku ule ule kwenye kundi la ukoo la WhatsApp kunaandikwa: "Tumemwona bibi, anaendelea vizuri sana, mungu ni mwema." Na kwa sababu anaendelea vizuri sana, mwezi huo michango inachelewa.

Hapa mfano wangu unakaribia kuvunjika, na afadhali niseme mwenyewe. Mita ikivuta inasoma pungufu. Mgeni akivuta anasoma zaidi. Rizista haijui kwamba inapimwa, bibi anajua, na heshima yake ya miaka zaidi ya 80 inaamka kumpokea mgeni. Kilicho sawa katika yote mawili ni kwamba hali iliyoripotiwa ilitengenezwa na kuuliza.

Dawa ya wahandisi ni mita inayovuta kidogo mno. Mita nyingi za dijitali zina omu milioni 10. Kwenye kile kigawanya cha milioni moja moja zitasoma 5.7. Si 6, ila unaweza kufanyia kazi. Kwetu mita ya namna hiyo ni mama mmoja jirani anayekuja kukata majani ya ng'ombe kihambani kwa bibi. Haingii ndani. Anakata majani yake huku akisikiliza, na anajua bibi amekohoa mara ngapi, ametoka kuota jua au hakutoka, jiko limewashwa saa ngapi. Ukimuuliza, anakwambia kwa maneno manane. Hayumo kwenye kundi la WhatsApp, na hakuna aliyewahi kufikiria kumweka.

Sasa, mtu anaweza kuniambia: sawa, binamu aahidi fungu, wageni wapunguze kuvuta, lakini duka la dawa halipokei fungu. Dawa za presha na kisukari zina bei yake, na mwenye duka hatakuuzia "zitakazokuwepo". Ni kweli. Kuna mizigo inayotaka volti 6 kamili kila siku, na vyanzo vilivyopo vinayumba. Kwa hali hiyo wahandisi wanaweka kitu katikati, saketi ndogo ya kutenganisha. Upande mmoja inasoma volteji ya kigawanya bila kuvuta karibu kitu chochote. Upande wa pili inatoa volteji ileile kwa nguvu, mzigo uvute utakavyo. Kigawanya kinabaki na 6 zake, mzigo unapata 6 zake. Ukitazama mchoro haraka utadhani ni muujiza. Hadi uone nyaya nyingine mbili ambazo michoro mingi huziacha, zile zinazoileta saketi hiyo umeme wake yenyewe kutoka kwenye chanzo kingine. Nguvu inayoupa mzigo inatoka huko.

Bibi hakukosa dawa hata mwezi mmoja mwaka ule. Nilikuja kulijua hilo kwa kuhesabu vikopo kabatini, nikashangaa, kwa kuwa kwa mujibu wa daftari la katibu kulikuwa na miezi mitano yenye pengo. Pengo lilijazwa na shangazi, huyu huyu aliyesema "alitudanganya". Ana genge la ndizi soko la Mbuyuni mjini Moshi, na jina lake kwenye daftari limeandikiwa 20,000, ambazo alizitoa kila mwezi, na nyingine hazikuandikwa mahali.

Mwezi uliopita nilipita gengeni kwake nikamsaidia kushusha mikungu. Nikamuuliza mwaka ule alikuwa anazitoa wapi.

"Zipi?"

"Za dawa, shangazi. Binamu alipoacha kutuma."

Akaendelea kupanga ndizi, zilizoiva mbele, mbichi nyuma. Akasema kulikuwa na mchezo wa kinamama, zamu yake ikaangukia Septemba, ikasaidia. Nikauliza na kabla ya Septemba je? Akaniangalia kwa namna ambayo niliona nimeanza kuwa mgeni aliyemkalisha bibi kitini.

"Mwanangu," akasema, "nipe huo mkungu."

Nikampa. Mteja alikuwa amesimama anauliza bei.